Tengeneza kwa Simu ya Mwisho Darasani

Kuna hoja imekuwa ikizunguka vyumba vya hosteli muhula huu wote, na kwa kuwa inasemwa na watu ninaowaheshimu, nimeona niijibu kwa maandishi. Hoja yenyewe ni hii: mashine dhaifu ndizo zinazorudisha gemu nyuma. Kwamba kama watengenezaji wasingelazimika kuwafikiria watu wenye konsoli ndogo na simu za bei ya chini, leo tungekuwa tunacheza vitu vya ajabu zaidi. Wanaoitoa hoja hii wana mifano mizuri, wanajua majina ya prosesa kuliko wanavyojua majina ya wahadhiri, na baadhi yao ni wale wale ambao kesho watatengeneza programu tutakazopewa sisi walimu tukafundishie.

Hapo ndipo jambo hili linaponihusu. Ungekuwa ni ubishi tu wa watu na pedi zao ningeuacha uishie huko huko kwenye banda la gemu. Lakini mimi nasoma ualimu, na ninaona fikra hiyo hiyo ikihama kutoka kwenye gemu za burudani kuja kwenye gemu za kujifunzia. Mtu anatengeneza kitu kwenye kompyuta yake nzuri, anakijaribu kwenye simu yake nzuri, kikigoma kwa mwingine anasema, "Tatizo ni kifaa chako." Sasa niambie, mtoto wa Msimbati anafanyaje na jibu hilo?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usinitafute. Mashine dhaifu huharibu gemu pale inapokumbukwa mwisho. Ikikumbukwa mwanzo, mara nyingi huifanya gemu iwe bora. Na kwa sisi tunaosoma huku Mtwara na tutakaofundisha kwenye shule za huku, kuikumbuka mwisho ni sawa na kuamua nani aachwe nje ya mlango.

Wanachosema kina ukweli

Tuwatendee haki kwanza. Novemba 2020 Microsoft walitoa konsoli mbili kwa mpigo: Xbox Series X yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, na mdogo wake Series S yenye gigabaiti 10, kwa bei ya chini zaidi. Sharti lilikuwa kwamba gemu ikitoka iwe na mambo yale yale kwenye zote mbili. Miaka mitatu baadaye ikaja Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian. Ilitoka kwenye kompyuta Agosti 2023, PlayStation 5 wakaipata Septemba, ila wenye Xbox wakasubiri hadi Desemba. Kisa? Gemu ile inaruhusu watu wawili kugawana kioo kimoja, kila mtu akazunguka upande wake wa dunia ya gemu. Series S ilishindwa kulibeba hilo. Mwishowe Microsoft walilegeza sharti, na gemu ikatoka bila kioo cha kugawana kwenye mashine ile ndogo.

Hapa watu wengi huuliza: si wangepunguza tu ubora wa picha? Hapana, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Kupunguza ubora wa picha ni kama kupunguza viungo kwenye pilau. Ladha itashuka, lakini watu watakula. Kumbukumbu ya kazi, ile tunayoiita RAM, ni sufuria yenyewe. Ukiwa na wageni sitini na sufuria ya watu kumi, hata ukitoa mdalasini na iliki zote mchele hautaenea. Wachezaji wawili waliotengana kwenye dunia moja ni dunia mbili zinazotakiwa kukaa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Huwezi kuzipunguzia rangi zikaisha uzito. Prosesa nayo ni vivyo hivyo: hesabu za maadui mia wanaofikiri kila mmoja kivyake hazipungui kwa sababu umefifisha majani ya miti.

Mfano wa pili unaumiza zaidi. Tarehe 10 Desemba 2020 ilitoka Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa kwa miaka. Kwenye kompyuta kubwa ilipendeza. Kwenye PlayStation 4 za kawaida, ambazo ndizo zilizokuwa majumbani mwa watu, ilikuwa inaganda, inakatika, sura za watu zinachelewa kutokea. Siku nane tu baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao, na haikurudi mpaka Juni 2021.

Rafiki zangu husoma visa hivi viwili na kusema: mnaona, mashine dhaifu zimewaharibia. Mimi navisoma tofauti. Katika visa vyote viwili gemu ilibuniwa kwa kuangalia mashine yenye nguvu, halafu mwishoni ikaanza kazi ya kuibana iingie kwenye ndogo. Ni kama kushona suti kwa vipimo vya kaka mtu, kisha siku ya harusi unamwambia mdogo wake avae hiyo hiyo. Itamkaa vipi? Lawama ya mdogo mtu hapo iko wapi?

Ukungu wa San Andreas

Sasa tuje kwenye gemu ambayo karibu kila kijana wa nchi hii ameigusa, GTA: San Andreas. Ilitoka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, mashine yenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 32. Rudia kusoma namba hiyo: megabaiti 32, gemu yenye miji mitatu, jangwa, milima, ndege, treni na baiskeli. Simu janja ya bei ya chini kabisa inayouzwa pale mjini leo ina kumbukumbu nyingi zaidi ya mara thelathini ya hiyo.

Waliwezaje? Mashine ilikuwa inapakia kipande cha dunia kilicho mbele yako na kutupa ulichokiacha nyuma. Na ili usione mahali dunia inapokatikia, waliifunika kwa ukungu na joto la rangi ya machungwa. Ukungu ule ulizaliwa kwa sababu mashine haikuweza kuonyesha mbali. Lakini muulize yeyote aliyecheza, atakwambia San Andreas ilikuwa kubwa sana, kwamba kutoka Los Santos hadi Las Venturas ni safari.

Novemba 2021 gemu ikatolewa upya kwa mashine za kisasa. Mashine zina nguvu, kwa hiyo ukungu ukaondolewa. Watu wakapanda juu ya mlima wakatazama, na kumbe miji yote mitatu inaonekana kwa pamoja, imebanana kama vibanda vya stendi. Ile nchi kubwa ya utotoni ikawa kijiji. Nguvu ya mashine ilikuwa imeongezeka, na gemu ikawa imepungua. Siamini kuna mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba udhaifu wa mashine ulikuwa sehemu ya ubunifu wenyewe.

Mfano wa pili uko mfukoni mwa nusu ya hosteli. Free Fire ya Garena ilitoka 2017. Mwaka uliofuata ikaja PUBG Mobile, nzuri kwa macho, watu 100 kwenye uwanja mmoja, mchezo wa karibu nusu saa. Free Fire ina watu 50, ramani ndogo, na mchezo unaisha ndani ya dakika kumi hivi. Ukiangalia haraka utasema Free Fire ni ndugu maskini. Lakini fikiri: ramani ndogo maana yake faili dogo na kumbukumbu kidogo. Watu wachache maana yake hesabu chache kwa prosesa na mawasiliano machache kwenye mtandao. Dakika kumi maana yake bando halikatiki katikati na chaji inatosha. Na juu ya yote hayo, dakika kumi zimeifanya gemu kuwa kali zaidi, hakuna kujificha kwenye nyasi nusu saa nzima. Kila kilichofanywa kwa ajili ya simu dhaifu kikageuka kuwa utamu wa mchezo. Watu wa India, Brazili na Afrika wakaichukua kwa mamilioni. Wenzao wa PUBG walipoona hivyo, 2019 wakasambaza toleo jepesi lenye watu 60. Yaani mkubwa akarudi kumuiga mdogo.

Na jambo hili si la leo. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, kioo kisicho na rangi, kivuli cha kijivukijani tu. Mwaka 1990 Sega wakatoa Game Gear yenye kioo cha rangi, kila mtu akasema Game Boy imekwisha. Lakini Game Gear ilikula betri sita ndogo kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilikula nne na kwenda zaidi ya saa kumi. Mwisho wa hesabu, Game Boy na ndugu yake wa rangi waliuza zaidi ya milioni 118, na Game Gear kama milioni 10. Aliyeibuni, Gunpei Yokoi, alikuwa na falsafa ya kutumia teknolojia ya zamani, ya bei rahisi, iliyokwisha kueleweka vizuri, kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme ukikatika huulizi kama utarudi bali utarudi lini, anaielewa falsafa hiyo bila kuelezwa.

Kifaa dhaifu kuliko vyote

Kabla sijaingia darasani, niwakumbushe gemu moja ambayo haikuhitaji prosesa kabisa. Nenda Mikindani jioni, au tembea uchochoro wowote wenye kivuli cha mwembe, utakuta wazee na bao. Mashimo 32, kete 64, na kete zenyewe ni komwe, mbegu zinazookotwa bure ufukweni. Asiye na ubao anachimba mashimo ardhini na mchezo unaendelea.

Ila jaribu kukaa mbele ya mzee mmoja uone. Kuna namua, kuna mtaji, kuna nyumba ya kulinda, kuna kuhesabu mbele hatua tano kabla mkono haujagusa kete. Watu wameucheza mchezo huu kwenye pwani yetu vizazi na vizazi na hakuna anayesema umepitwa na wakati kwa sababu mashimo hayajaongezwa. Uzito wa bao uko kwenye kanuni zake. Kanuni hazihitaji RAM. Hilo ndilo ninalotaka watengenezaji wetu walishike: kabla ya kuuliza mashine yako ina nguvu kiasi gani, uliza mchezo wako una kanuni gani inayomfanya mtu afikiri.

Majirani zetu walilianza mapema. Kenya walikuwa na Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu, iliyosambaa kupitia simu za Nokia wakati simu janja bado ni za wachache. Uganda, vijana wa Kola Studios walichukua karata za mtaani, mchezo wa Matatu ambao kila Mganda anaujua, wakauweka kwenye simu. Hawakukaa kusubiri konsoli. Walichukua kilichopo mikononi mwa watu wao.

Nilichokiona fildi

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari ya kata upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma. Nilipewa Hisabati kidato cha pili, wanafunzi hamsini na kitu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, hilo tunalijua wote. Vifaa vilivyokuwepo vilikuwa vishikwambi vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikapelekwa mashuleni, pamoja na simu yangu na ya mwalimu mwenyeji.

Mwalimu mwenyeji, mama mmoja mchapakazi sana, alikuwa na programu ya kujifunzia hisabati kwa michezo, ameipata kwa watu waliokuja kufanya semina. Kwa macho ilikuwa safi: vikatuni vinacheza, muziki, nyota zinamwagika mtoto akipata jibu. Lakini kila hatua ilidai intaneti, na mtandao wa pale unapatikana ukisimama upande wa choo cha walimu. Kila baada ya maswali mawili matatu ilikuwa inaganda. Wanafunzi wakawa wanatazama duara linazunguka. Mama yule akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, hawa waliotengeneza hiki kitu, hivi walifika hapa?"

Swali lile lilinipa kazi ya jioni kadhaa. Nilimpigia mwenzangu mmoja anayejua kuandika programu, tukakubaliana masharti kabla hata ya kuanza: faili moja tu, lifunguke kwenye kivinjari cha kawaida, lisiguse intaneti kabisa, liende kwenye simu ya zamani ya mjomba wake ambayo ina gigabaiti moja ya kumbukumbu na kioo chenye ufa. Kama haiendi kwenye simu ya mjomba, haipo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa korosho. Wewe ni mkulima, umeleta magunia yako chama cha msingi. Kuna uzito, kuna daraja la korosho, kuna bei ya mnada, kuna makato. Unaulizwa ukubali kuuza leo au usubiri mnada ujao, na unatakiwa ukadirie kitakachobaki mkononi kabla kompyuta haijakuonyesha. Asilimia tupu hizo, mada ile ile iliyoko kwenye muhtasari. Mwanzoni tulitaka mizani inayocheza na magunia yanayopangwa stoo. Simu ya mjomba ikayakataa magunia. Tukabakiza gunia moja, namba nne na uamuzi mmoja.

Gunia moja likatusaidia kuliko hamsini. Kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama, watoto waliangalia namba. Kishikwambi kimoja kilizungushwa kwa makundi ya watu sita sita, na kwa kuwa kila hatua ni uamuzi, kundi zima lilikuwa linabishana. "Uza!" "Usiuze, makato ni makubwa!" Binti mmoja ambaye wiki tatu nzima hakuwahi kunyoosha mkono alisimama akaeleza ubaoni kwa nini bei kubwa yenye makato makubwa inaweza kumwachia baba yake pesa kidogo kuliko bei ya kati. Alitumia namba za nyumbani kwao. Darasa likatulia kumsikiliza.

Sitaki kuikuza hadithi hii. Mchezo wetu ni mdogo, hauna sauti, na mtoto asiyeona vizuri hautamsaidia, jambo ambalo kwa mashine kubwa zaidi tungeliweza. Udhaifu wa kifaa ulitugharimu, na gharama hiyo ilimwangukia mtoto fulani. Nalisema hili kwa sababu watu wa upande wangu wa hoja hupenda kuongea kana kwamba uhaba ni baraka tupu. Si kweli.

Somo la Tanga

Wanaodhani mambo haya ni ya kienyeji wakumbuke kwamba mashindano makubwa ya programu za kujifunzia yaliamuliwa hapa hapa Tanzania. Global Learning XPRIZE, yenye jumla ya dola milioni 15, ilileta timu tano za mwisho mkoani Tanga. Kwa takribani miezi 15 kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi, bila mwalimu, wakichaji kwa umeme wa jua. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Angalia masharti yale: hakuna intaneti, umeme ni wa jua, mtoto hajui kusoma, mtu mzima wa kumwelekeza hayupo. Ndiyo, vishikwambi vyenyewe vilikuwa vizuri, Google ndio walivitoa. Lakini kilichowekewa mipaka ni mazingira, na timu zote zilijua mipaka hiyo tangu siku ya kwanza. Ubongo Kids nao, walipoanza 2014, walifanya hesabu hiyo hiyo: katuni kwenye televisheni ya kawaida, na mtoto anajibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka kwenye kitochi cha mzazi. Kitochi! Kifaa ambacho wengi wetu tungeona aibu kukitaja kwenye wasilisho la mradi wetu.

"Unatetea umaskini"

Najua nitaambiwa hivyo, kwa hiyo nijibu. Waswahili wamesema mchagua jembe si mkulima, lakini sijasema mkulima asidai jembe zuri. Mtwara imetoa gesi ya Mnazi Bay, bomba linakwenda Dar es Salaam tangu 2015. Tuna haki ya kudai umeme usiokatika, mtandao unaofika Msimbati na Msanga Mkuu, na vifaa vya kutosha mashuleni. Nadai hayo yote. Ila kudai ni kazi ya miaka, na mtoto wa kidato cha pili hana miaka ya kusubiri. Mwaka ujao yuko kidato cha tatu na asilimia hajaielewa.

Hoja nyingine wanayoitoa ni kwamba ukitengeneza kwa ajili ya simu dhaifu utajifunga, hutaweza kushindana na dunia. Mimi naona kinyume chake. Aliyejifunza kubana anaweza kupanuka wakati wowote. Gunia moja naweza kuliongeza yakawa hamsini nikipata mashine. Aliyezoea nafasi tele hajui hata pa kuanzia kupunguza. Wale wa Super Mario Bros. mwaka 1985 walikuwa na kilobaiti 40 kwa gemu nzima, chini ya picha moja unayotumiwa WhatsApp asubuhi. Mawingu na vichaka vya gemu ile ni picha moja, wamebadilisha rangi tu. Huo ndio ufundi, na watu wake wakaja kutawala dunia ya gemu.

Na wale wanaosema kwamba nguvu za simu zinaongezeka kila mwaka hivyo tatizo litajimaliza, waende wakaangalie ni simu gani iliyopo kwa bibi. Simu mpya ikinunuliwa nyumbani, ya zamani haifi. Inashuka: kutoka kwa baba kwenda kwa mama, kwa kaka mkubwa, mwisho inamfikia mtoto ikiwa imechoka. Mtoto ndiye wa mwisho kwenye foleni ya vifaa na ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaotakiwa kujifunza. Kwa hiyo simu dhaifu haiishi, inabadilisha mikono tu.

Ninachopendekeza

Serikali yetu ya wanafunzi huwa inatenga siku ya maonyesho ya miradi ya wanachuo, na kila mwaka programu na gemu zinapewa zawadi. Napendekeza mambo matatu, na hayahitaji bajeti ya kutisha.

Kwanza, tununue simu tatu za chini kabisa zinazouzwa hapa mjini, pamoja na simu moja iliyotumika yenye zaidi ya miaka mitano. Ziwe mali ya wanafunzi, zikae ofisini. Kila mradi wa programu unaoomba zawadi ufunguliwe kwenye simu hizo mbele ya watu, intaneti ikiwa imezimwa. Ukigoma, urudi ukarekebishwe. Simu zile ziwe ndio majaji wa kwanza.

Pili, wanaoandika programu wasikae peke yao. Kila Agosti sisi wa ualimu tunatawanyika kwenye shule za wilaya hizi, Tandahimba, Newala, Nanyumbu, Masasi, na tunajua kila darasa lina nini na halina nini. Tupewe fomu ya ukurasa mmoja tu ya kujaza: vifaa vipo vingapi, vya aina gani, umeme upo saa ngapi, mtandao unapatikana wapi. Tukirudi, karatasi hizo ziwe mezani kwa watengenezaji kabla hawajaandika mstari wa kwanza.

Tatu, kwenye vigezo vya kupima miradi kuongezwe alama za wepesi. Faili ni kubwa kiasi gani? Inakula chaji kiasi gani kwa nusu saa? Mtu akiwa na kifaa kimoja na watoto sita, mchezo unawapa wote cha kufanya, au mmoja anabonyeza na watano wanatazama? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na jibu lake halimo ndani ya prosesa yoyote.

Kwa wenzangu wa hosteli walioanzisha ubishi huu: endeleeni kuipenda Series X, mimi pia nikiipata nitaicheza mpaka adhana ya alfajiri. Ila siku mtakapokaa kuandika gemu ya mtoto, msianze na mashine mnayoitamani. Muombeni mjomba simu yake yenye ufa.